Ndururu, mpingo, kopo la Blue Band: niliyoyakuta ndani ya Land Rover 109 ya 1976 (leteni na zenu)

Habari za jioni wakuu. Hii stori nimekaa nayo miezi kumi na moja nikisema gari ikiisha ndo nitaandika, sasa naona gari haiishi na boksi la vitu ninavyovitoa humo linazidi kujaa, kwa hiyo naanza tu, mtanivumilia nikirudi rudi nyuma.

Mwaka jana nilichukua Land Rover Series III, 109 (ile ndefu, inchi 109 kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma), injini ya petroli ile ya lita mbili na robo. Niliikuta yadi ya chuma chakavu huku Tegeta, walikuwa wameshaanza kuipigia hesabu ya kilo, alminiamu ya bodi bei yake na chesisi bei yake. Aliyeileta alisema imefanya kazi Masasi na Newala maisha yake yote. Nikatoa hela, ikavutwa mpaka nyumbani. Mimi sio fundi wa kusomea, nimekulia gereji ya baba mdogo Ilala, kushika taa na kuosha spana tangu nikiwa darasa la nne, hivyo najua kufungua na kufunga.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Ukikuta kitu cha ajabu kwenye gari ya zamani usikitupe kabla hujajua kilikuwa kinafanya kazi gani. Mimi nilitupa kimoja na kikanitesa wiki mbili, nitafika huko.

Cha kwanza kabisa ni juu ya injini. Kava ya tapeti ya hii injini inashikwa na nati tatu kwa juu, chini ya kila nati inatakiwa washa na raba ya kuzuia oili. Mbili zilikuwa na washa za kawaida. Ya tatu, ya katikati, ilikuwa na kitu cheusi cha oili nikajua ni washa tu, nikakitia kwenye petroli kikaanza kung'aa rangi ya shaba, nikaona maandishi. EAST AFRICA, 1955, na pembe mbili za ndovu zimezunguka tundu. Ni ndururu wakuu! Senti tano ya mkoloni. Tundu limepanuliwa kwa tupa taratibu mpaka bolti ikapita, ukiweka kwenye mwanga unaona mistari ya tupa imezunguka sawasawa haijavuka upande mmoja. Chini yake kuna kipande cha ngozi kimekatwa duara, kimelowa oili kikawa laini kama sikio. Na nati ya katikati ndo pekee ilikuwa haivuji.

Nikakaa chini pale pale. Aliyefanya hivi alifikiria. Shaba ni laini, ukiibana inajilaza na kushika, chuma kigumu hakifanyi hivyo. Na sarafu ilikuwa imeshatobolewa na serikali, yeye alimalizia tu.

Nitaendelea, umeme unasumbua.

*

Naendelea. Asanteni kwa likes.

Sakafu sasa. Hizi gari bodi yake haishiki kutu, ila ule ukuta wa mbele unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni chuma, na pale chini unapokanyagia ndo panaoza kwanza maana tope linarushwa na tairi linakaa humo humo. Upande wa dereva nikagonga na bisibisi nikasikia sauti ya puti. Nikakwangua puti nene karibu kidole kizima. Chini ya puti kuna bati limepigwa misumari iliyokatwa vichwa na kupondwa pande zote mbili kama ribiti, nikaligeuza: herufi za Blue Band, rangi ya njano na bluu bado mbichi kabisa kwa sababu ilikuwa imetazama ndani, haijaona jua. Kopo la kilo limefunguliwa, likanyooshwa, likawa sakafu.

Nyuma ya kopo kulikuwa na karatasi zimeshindiliwa. Karatasi za daftari la shule. Moja haikuoza, ina jedwali la saba kwa penseli, saba mara moja saba, mpaka saba mara nane hamsini na sita, halafu imechanika. Mwandiko wa mtoto. Hiyo nimeiweka kwenye plastiki, siwezi kuwaeleza kwa nini ila sikuweza kuitupa.

Kopo lenyewe halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa puti, maana puti inaficha, maji yanaingia kwa nyuma hayatoki, chuma kinaendelea kuliwa kimya kimya na wewe juu unaona rangi imenyooka. Nilivyokata nikaona uozo umeshapanda mpaka karibu na bawaba ya mlango. Nimechomelea bati jipya la milimita moja na nusu upande wote.

Na kitu ambacho watu wengi hawajui, hii gari yenyewe imezaliwa na uhaba. Baada ya vita Uingereza chuma kilikuwa cha mgao, ndugu wawili wa kina Wilks pale Rover wakaona alminiamu inapatikana, wakavisha gari bodi la alminiamu. Ile ya majaribio ya 1947 waliijenga juu ya chesisi ya Jeep ya jeshi, na zile za mwanzo kabisa zilizoanza kuuzwa 1948 zilipakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye ndege za vita. Kwa hiyo nikimuona fundi wa Newala anapiga kopo kwenye sakafu naona anaendeleza alichoanzisha aliyeitengeneza.

*

Mdau wa Mtwara:
Mkuu umenigusa. Marehemu baba alikuwa dereva huku kusini miaka hiyo, gari kama hiyo hiyo. Watu wa sasa hawawezi kuelewa ilivyokuwa. Baada ya vita ya Kagera na mafuta kupanda bei nchi haikuwa na pesa za kigeni, spea unaandikia barua unakaa miezi, na barabara ya Kibiti–Lindi masika ilikuwa inafungwa kabisa, hakuna kinachotoka Dar. Kuanzia 1984 waliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa pesa zao wenyewe ndo tukaanza kuona spea tena. Kabla ya hapo fundi anatengeneza kwa alichonacho, ikishindikana gari inasimama na hospitali inasimama. Angalia vizuri bushi za springi za nyuma mkuu, nadhani utakuta kitu.

*

Mkuu wa Mtwara umejuaje!! Nilikuwa naelekea huko huko.

Springi ya nyuma kulia. Bushi ya kiwandani ni mpira umebanwa katikati ya mabomba mawili ya chuma, unaipiga kwa presi inaingia. Upande wa kushoto zilikuwepo zimekufa, mpira umeisha, chuma kinasaga chuma, ndo ile sauti ya kwengu kwengu mnayoisikia kwenye magari ya shamba. Kulia kimya. Nikatoa bolti, ikatoka bila kupigwa nyundo, nikaona bushi nyeusi inang'aa. Nikadhani nailoni. Nikaikwangua kidogo na tupa ikatoka unga mweusi wenye zambarau kwa mbali, nikasema hapana, nikaidumbukiza kwenye ndoo ya maji ikaenda chini kama jiwe. Mti gani unazama? Mpingo.

Imechongwa kwa mashine au kwa mkono sijui, lakini tundu la katikati ni laini kama kioo, na ndani kuna mfereji mwembamba unaozunguka kama uzi wa skrubu wa kushikia grisi. Grisi ya zamani ilikuwemo bado. Nikapima bolti ya kulia na ya kushoto na kalipa, ya kushoto imeliwa karibu milimita mbili, ya kulia huoni kitu. Mpingo una mafuta yake wenyewe na ni mgumu, na kule kusini ndo kwao, wachongaji wa Kimakonde wanaujua kuliko mtu yeyote. Hii kazi sio ya fundi gereji peke yake, pale alikaa fundi gari na mchongaji wakaelewana vipimo.

Nimeweka bushi mpya za mpira pande zote kwa sababu lazima zifanane, gari ikipita shimo upande mmoja mgumu mwingine laini inapinda. Lakini nilizitoa za mpingo kwa heshima zote, ziko mezani kwangu hapa ninavyoandika.

*

Mdau wa Mombasa:
Salaam ndugu zangu. Mimi niko na Peugeot 404 ya marehemu babu, zile zilizokuwa zikishinda Safari Rally, 1963 halafu 66, 67 na 68 mfululizo, kwa hivyo huku pwani kila mzee alitaka yake. Nimeifungua rejeta nikakuta mifereji imeziba kwa kitu chekundu-njano kigumu mfano wa gundi iliyokauka. Fundi mmoja mzee ananiambia hayo ni manjano na mayai, zamani rejeta ikivuja mwavunja yai mwatia ndani, likiiva kwa joto laenda laziba tundu. Ekzosi nayo imeninginizwa kwa vipande vya tairi kuukuu, vile sijavitoa maana vyashika vizuri kuliko raba niliyonunua dukani, ile ilikatika kwa wiki tatu. Swali langu, ile rejeta yaokoleka ama niitupe?

*

Salaam ndugu wa Mombasa. Usiitupe. Rejeta za zamani ni za shaba, zinafunguliwa juu na chini kwa moto, fundi rejeta anapitisha fito nyembamba kwenye kila mfereji halafu anazifunga tena kwa risasi. Yai linaziba tundu kweli ila halichagui, linaziba na mifereji mizima. Ni dawa ya kukufikisha nyumbani. Shida yetu ni kwamba tukishafika nyumbani tunaendelea nayo miaka kumi. Vipande vya tairi viache, hiyo sio kuunga unga, hicho ni kifaa kizuri kilichotengenezwa na kingine.

Sasa nije kwenye kile nilichotupa.

Mbele ya injini kuna nyumba ya themostati, na kutoka hapo kuna mpira mfupi mdogo unashuka kwenye pampu ya maji. Nilivyofungua themostati haikuwepo. Hilo halikunishangaza, Afrika Mashariki nzima mafundi wanaitoa, wanasema kwetu joto haina kazi. Ila ndani ya ule mpira mdogo nikakuta kizibo cha mti, kimechongwa kama kizibo cha kibuyu, kimezungushiwa kitambaa na kubanwa na klipu kwa nje. Nikasema huyu naye, amezuia maji yasipite ili iweje? Nikakitoa, nikatupa, nikaweka mpira mpya safi.

Siku ya kuijaribu nikaenda nayo Pugu. Barabara tambarare iko sawa. Nimeanza kupanda kile kilima tu sindano ikaanza kupanda na mimi, nafika juu inatema maji mpaka kwenye kioo. Nikasubiri saa nzima, nikarudi. Nikasafisha rejeta, bado. Nikabadilisha pampu ya maji, bado. Nikachezea taimingi, nikaanza kuhisi gasketi ya silinda hedi na nikawa natafuta hela ya kuifungua. Wiki mbili.

Mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani hapa Dar ambaye nilienda kwake kununua hiyo gasketi ndo akaniuliza, themostati ipo? Nikasema hapana. Akauliza, ule mpira mdogo umeuziba? Nikaishiwa nguvu.

Iko hivi kwa asiyejua. Injini ikiwa ya baridi maji hayatakiwi kwenda kwenye rejeta, yanazunguka kupitia ule mpira mdogo na kurudi kwenye pampu mpaka yapate moto. Yakipata moto themostati inafunguka kuelekea rejeta, na themostati ya asili ya hii injini ina kikoti kwa chini ambacho kinasogea na kuziba tundu la mpira mdogo wakati huo huo. Milango miwili, mmoja unafunguka mwingine unafungwa. Ukiitoa, milango yote iko wazi, na maji kama kawaida yake yanapenda njia fupi, kwa hiyo sehemu ya maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Mlimani injini inafanya kazi kubwa, ndo inazidiwa. Yule aliyeitoa themostati alilijua hilo, akachonga kizibo akafunga mlango wa pili kwa mkono wake. Kile kizibo kilikuwa nusu ya themostati na mimi nikakitupa kwa sababu kilikuwa cha mti.

Na mkienda kununua muwe makini, kuna za bei rahisi zinaingia vizuri lakini hazina kikoti. Zinafunguka tu, hazifungi. Nilipata yenye kikoti, nikapanda Pugu mara tatu mfululizo mchana wa jua kali, sindano katikati haitingishiki.

*

Mdau wa Dodoma:
Mkuu hapo kwenye kizibo nimesoma mara mbili, Land Rover yangu ya 88, ile fupi, inachemsha mlimani na themostati walitoa, kesho naenda kuangalia. Pia mmesahau sabuni ya mche kwenye tanki la mafuta. Sisi Bedford ya mzee ilitembea na sabuni kutoka Manyoni mpaka Tabora.

*

Sabuni inafanya kazi kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni, maji ndo yanaiyeyusha. Unaikanda mpaka iwe laini, ukichanganya na nyuzi za katani inashika zaidi, unaisugua kwenye ufa. Tanki langu lilikuwa nayo, kipande kimekuwa kigumu kama mfupa. Ila naomba niseme kwa herufi kubwa: USIPELEKE TANKI KUCHOMELEWA UKIDHANI NI TUPU KWA HIYO NI SALAMA. Tanki tupu ni baya kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke. Liondolewe kwenye gari, lioshwe na maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, na wakati wa kuchoma lijazwe maji mpaka karibu na pale panapochomwa.

Na hapo nafika kwenye sehemu ambayo ilinikasirisha. Breki.

Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa halina breki kabisa. Nikafuata paipu ya shaba kutoka mbele, nikakuta imekunjwa mara mbili na kupondwa nyundo ikawa bapa. Yaani silinda ya gurudumu ilivuja, badala ya kuitengeneza mtu akaifungia njia, gari ikabaki na breki tatu. Na sio ya zamani hii, mkunjo bado unang'aa. Nikafungua silinda kuu, raba zimevimba kama uyoga, maana walikuwa wanajazia oili ya injini. Raba za breki zinavimba zikigusa oili ya aina hiyo, leo inakanyagika kesho inang'ang'ania. Aliyeleta gari anasema miaka yake ya mwisho ilikuwa inabeba watu kwenda mnadani, wamekaa pande mbili nyuma na wengine juu na mizigo. Kwenye ile milima ya kushuka Newala na breki tatu!

Hiyo siiheshimu hata kidogo na siiweki kwenye boksi moja na ndururu. Ukitaka kuona tofauti angalia nani anaumia ikishindikana. Ndururu ikishindwa inavuja oili. Bushi ya mpingo ikipasuka gari inapiga kelele dereva anasikia. Paipu iliyopondwa haisemi kitu, inasubiri mtelemko. Breki na usukani ukikuta kitu cha kuunga, toa chote mpaka mwisho wa mstari, usibakize hata nati, nilibadilisha paipu zote na silinda zote za magurudumu na silinda kuu na sijutii hata senti.

*

Mdau wa Arusha:
Mimi natofautiana na wewe kidogo. Kurestore maana yake gari irudi ilivyotoka kiwandani. Hizo ndururu na makopo ni takataka za shida, unazitukuza bure. Mteja wangu mzungu hawezi kukubali sarafu kwenye injini.

*

Mkuu wa Arusha nakuelewa, na ukifanya kwa mteja fanya anavyotaka. Lakini hii ilitoka Solihull 1976 na ikakaa kiwandani wiki chache tu. Iliyobaki yote imekaa kusini. Ukiirudisha kiwandani unafuta miaka yake karibu yote. Mimi nimeweka raba mpya kwenye nati mbili za pembeni, ya katikati nimerudisha ndururu yake na ngozi mpya chini, haivuji. Ninachofanya kabla ya kutoa chochote napiga picha, naandika kwenye kikaratasi kimetoka wapi na nilidhani kinafanya nini, hata kama nimekosea.

Sasa kuna kimoja nimeshindwa na ndo sababu nyingine ya huu uzi. Chini ya nyumba ya klachi, pale kwenye tundu dogo la kutolea oili, kulikuwa na chupa ndogo ya plastiki imeninginizwa kwa waya, mdomo umetazama tundu. Waya umefungwa vizuri kabisa, unafungua kwa kidole bila koleo. Nilidhani mtu aliisahau. Lakini baada ya kile kizibo siamini tena kwamba kuna kitu kimesahaulika kwenye hii gari. Nani anajua?

*

Mdau wa Mtwara:
Mkuu nimempigia simu mjomba, naye alikuwa dereva, ana miaka themanini na moja. Amecheka kwanza. Anasema lile tundu ukivuka mto unaliziba kwa bolti, ukishavuka unafungua oili idondoke isije ikalowesha klachi. Sili ya nyuma ya injini ilikuwa imechoka na haipatikani, na oili yenyewe ilikuwa haipatikani. Kwa hiyo chupa inakinga. Jioni ukisimama unaitoa, unachuja, unarudisha kwenye injini. Ndo maana waya unafunguka kwa kidole, kazi ya kila siku. Ameniambia nikuulize kama kichujio kipo, wao walikuwa wanatumia kitambaa cha kanga.

*

Mpe mzee shikamoo zangu nyingi sana.

Nimetoka nje sasa hivi na tochi kuiangalia. Shingoni mwa chupa kuna uzi umezungushwa mara nne, nilidhani ni wa kuzuia isiteleze. Ndani ya uzi kuna kitambaa, kimeganda na oili, nimekifuta kidogo na petroli kwenye pindo. Ni chekundu, na kuna kipande cha herufi nyeusi, kama "A" hivi au mwisho wa "M". Neno lenyewe halipo, limekatwa.